Baba anapenda mpira lakini uwanja unamtisha. Tumuache nyumbani?

BARUA

Ndugu washauri, habari zenu.

Baba yangu ana miaka 74. Alikuwa mwanajeshi. Kwao ni Arua, lakini karibu maisha yake yote yamepita kambini, kwa hiyo hapa kwetu Mbuya, Kampala, tunaongea Kiswahili. Miaka mitatu iliyopita madaktari walituambia ana dimenshia. Leo hawezi kukwambia amekula nini asubuhi, lakini mtajie Simba, timu ya jeshi la Uganda iliyofika fainali ya klabu bingwa Afrika mwaka 1972, uone macho yanavyomwaka.

Mwezi uliopita mimi na mtoto wa dada yangu tulimpeleka kwenye mechi ya ligi ya saa 10 jioni. Mlangoni watu walikuwa wamebanana. Mlinzi akampapasa kutoka nyuma, baba akageuka na kumsukuma, nusura tufukuzwe. Goli lilipoingia vuvuzela zikalia, watu wote wakasimama, naye akaziba masikio na kusema "tutoke, tutoke". Wakati wa mapumziko alikwenda chooni. Kijana wetu akamngoja mlangoni, kumbe choo kile kina mlango mwingine upande wa pili. Tulimtafuta dakika 40, tukamkuta barabarani akitembea na kiatu kimoja.

Sasa wajomba wanasema basi, akae nyumbani. Jirani anasema amerogwa. Mwingine anasema ni mipira aliyopiga kwa kichwa enzi za ujana wake. Na kila Jumamosi baba anavaa koti, anakaa karibu na mlango, anauliza mpira unaanza saa ngapi. Mimi nakosa la kumjibu.

Kaka yangu yuko kwenye kamati ya klabu ndogo ya daraja la chini. Uwanja wao una jukwaa moja la zege tu. Anasema wangependa kuwasaidia wazee kama baba, ila pesa hawana. Sisi tufanye nini, na wao wafanye nini?

Binti wa Mzee, Mbuya


JIBU

Dada yetu, mpelekeni tena. Ila si kwenye mechi ya namna ile, si kwa mlango ule, wala si kwa saa ile.

Soma tena barua yako taratibu. Mpira wenyewe haukumdhuru mzee popote. Kilichomvuruga ni msongamano, mikono ya mtu asiyemwona, kelele za ghafla na choo chenye milango miwili. Vyote hivyo vinapangika, na vingi havigharimu hata shilingi.

Tumalize kwanza la uchawi na la vichwa. Dimenshia ni ugonjwa wa ubongo. Mara nyingi chanzo chake ni ugonjwa uitwao Alzheimer, na mara nyingine ni mishipa ya damu ya kichwani iliyoharibiwa na presha au kisukari. Hakuna aliyemfanyia baba yenu kitu. Kuhusu kupiga mpira kwa kichwa, ni kweli utafiti uliotolewa Glasgow mwaka 2019 ulionyesha kwamba waliokuwa wachezaji wa kulipwa wa Scotland walikufa kwa maradhi ya ubongo ya namna hii mara 3.5 zaidi ya watu wengine wa rika lao. Lakini hakuna daktari anayeweza kumtazama mzee mmoja akasema ni kichwa kile cha mwaka ule. Liacheni, halitawasaidia lolote leo.

Mnachohitaji kuelewa ni jinsi kumbukumbu zake zinavyoondoka. Alzheimer kwa kawaida huanzia sehemu ya ubongo inayohifadhi mambo mapya. Ndiyo maana chai ya asubuhi imepotea na Simba ya 1972 ipo, kwa sababu wakati ule alikuwa kijana wa miaka 20 hivi, na mambo ya ujana ndiyo hudumu zaidi. Tena hisia hudumu kuliko tukio. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, waliwaonyesha watu 17 wenye Alzheimer filamu za kuhuzunisha na za kufurahisha. Muda mfupi baadaye wengi hawakukumbuka walichotazama, lakini ile huzuni au furaha ilikuwa bado imo ndani yao. Kwa hiyo atakayewaambia "mnapoteza nauli, hatakumbuka" mjibuni kwamba matokeo atayasahau, lakini raha atarudi nayo nyumbani. Na hofu pia atarudi nayo, ndiyo maana maandalizi ni muhimu.

Anzeni na mazoezi, msianze na mechi. Timu nyingi hufanya mazoezi asubuhi katikati ya wiki. Hakuna foleni, vuvuzela wala kiingilio mara nyingi, na mpira unaonekana kwa karibu. Mpelekeni kwa nusu saa. Akifurahia, nendeni mara ya pili, halafu ndipo mje kwenye mechi ya shule, ya wanawake au ya vijana inayochezwa mapema mchana. Uwanja mkubwa kama Namboole uwe wa mwisho kabisa. Una nafasi ya watu zaidi ya 40,000, na kati ya jukwaa na nyasi kuna njia ya kukimbilia, hivyo wachezaji wako mbali. Ubongo wenye dimenshia huchukua muda mrefu zaidi kutambua macho yanachoona. Mpira ulio mbali unampotea, na akishaupoteza kinachobaki ni makelele tu. Kiwanja kidogo ambacho jukwaa liko karibu na mstari kinamfaa zaidi. Vibanda vya video vinavyoonyesha mpira viepukeni, maana mle ni giza, mabenchi yamebanana na mlango ni mmoja.

Saa 10 jioni ni saa mbaya kwake, na wengi hawalijui hili. Watu wengi wenye dimenshia huchafukwa zaidi jua linapoelekea kuzama, kwa sababu ya uchovu, mwanga kupungua na saa ya mwili iliyovurugika. Mechi ya saa 10 huisha karibu saa 12, na jua la Kampala huzama kati ya saa 12 na nusu na saa 1. Maana yake mnatoka na umati, kwenye foleni ya Jinja Road, giza linaingia, naye ameshachoka. Hata mtu mzima wa akili timamu hapo hukosa subira.

Kama mechi ni ya saa hiyo na hamna budi, fanyeni hivi: ingieni dakika ya 15 ya mchezo na mtoke dakika ya 75. Mchezo ukishaanza mlango huwa mtupu, na mlinzi ana muda wa kuongea na ninyi kama watu. Dakika ya 75 barabara bado inapitika na boda hazijagombaniwa. Atakuwa ametazama saa nzima ya mpira, na hiyo inamtosha. Mkifanya hivi kwa mara ya kwanza, tokeni wakati wa mapumziko hata kama anacheka. Ni afadhali atoke akiwa bado anataka kubaki.

Sasa mlango. Ukaguzi hauepukiki, hasa tangu milipuko ya mabomu ya Julai 11, 2010 hapa Kampala, pale Kyadondo na Kabalagala, siku ya fainali ya Kombe la Dunia. Lakini fikirieni anachokiona mzee wenu, mwanajeshi wa zamani ambaye akili yake pengine siku ile ilikuwa kambini miaka ya 70. Mtu mwenye sare anamshika kwa nyuma bila neno. Kumsukuma ni jibu la askari, si ukorofi. Mmoja wenu atangulie hatua kumi, amwambie mlinzi kwa sauti ya chini: "Baba yangu ana ugonjwa wa kumbukumbu. Anaelewa Kiswahili. Naomba umkague kwa mbele, unikague mimi kwanza aone." Hilo la lugha si dogo. Dimenshia ikiendelea, lugha alizojifunza ukubwani mara nyingi ndizo huponyoka kwanza. Akiamrishwa kwa Kiingereza au Luganda anaweza asiambulie neno, na mlinzi akadhani ni kiburi. Mlinzi asimame mbele yake, aonyeshe viganja, aseme "Shikamoo mzee, nagusa mfuko huu", aguse, kisha aseme mfuko unaofuata. Kazi nzima haifiki dakika moja. Mkanda wa suruali na sarafu viacheni nyumbani. Mvalisheni suruali ya lastiki, nayo itawaokoa chooni pia.

Mkifika ndani, tafuteni kivuli na mwisho wa safu, mbali na ngoma na mbali na nyuma ya goli, maana mashabiki wa nguvu hukaa huko. Safu yenye reli mbele yake ndiyo bora, kwa sababu goli likiingia hakuna mtu wa kusimama mbele yake akamziba. Mzee akae kiti cha pili kutoka kwenye njia, mmoja wenu akae kiti cha kwanza na mwingine upande wa pili. Wengi humweka mgonjwa kiti cha mwisho ili atoke kirahisi, halafu wanashangaa amesimama na kwenda zake huku wao wakitazama penalti. Muamue nyumbani kabisa nani anatazama mpira na nani anamtazama baba, mkabadilishane wakati wa mapumziko.

Kwa kelele, tumieni vile vifaa vya masikio vya kuvaa kichwani kama hedifoni, wanavyovaa mafundi wa mashine. Vile vidogo vya kusokomeza sikioni hatavielewa na atavitoa. Vijaribuni nyumbani dakika 10 siku mbili kabla ya mechi, redio ikiwa juu. Kama ana kifaa cha kusikia, punguzeni sauti yake kabla ya kuingia. Mpeni maji nusu glasi kila nusu saa bila kungoja aombe, maana mzee huweza kuishiwa maji mwilini kabla ya kuhisi kiu. Ndizi mbivu au roleksi (chapati yenye mayai) iliyokatwa vipande vidogo ni sawa. Karanga ziacheni, zinakwama kooni kwa mtu anayemeza polepole. Dawa za jioni ziwe mfukoni mwako.

Choo ndicho kilichowaponza, basi tukitazame kwa makini. Aende kabla hamjatoka nyumbani, aende tena mkifika, kisha dakika ya 35, kabla foleni ya mapumziko haijaanza. Kijana aingie naye hadi ndani, asimngoje nje, na kabla ya hapo azunguke choo kuona kina milango mingapi. Sakafu inayong'aa kwa maji anaweza kuiona kama dimbwi akagoma kukanyaga, na zulia jeusi mlangoni anaweza kuliona kama shimo. Akisimama ghafla usimvute. Tangulia wewe, kanyaga pale pale, mpe mkono. Bebeni pampasi moja na suruali ya akiba hata kama hajawahi kuhitaji.

Asubuhi ya mechi mpigeni picha ya simu akiwa na nguo alizovaa siku hiyo. Akipotea, "mzee mwenye koti" hamsaidii mlinzi yeyote, lakini picha inamsaidia. Ndani ya koti shoneni kitambaa chenye maneno "Nina tatizo la kumbukumbu, tafadhali wapigie watu wangu" na namba mbili za simu, kwa sababu simu moja inaweza kuishiwa chaji. Uwanja ukijaa mtandao husongamana, na ujumbe mfupi mara nyingi hupita pale simu inapokataa kupita. Mkimkosa, mmoja abaki kwenye viti, mwingine akimbilie mlango mlioingilia, na picha itumwe kwa walinzi wa milango yote dakika hiyo hiyo. Msitegemee kipaza sauti kumwita jina, huenda asijue ni yeye anayeitwa. Mara nyingi huelekea kule alikozoea kwenda, kwa hiyo mtazame pia njia ya kambini au ya kituo cha zamani cha teksi.

Mkiwa mmekaa, acheni mitihani. "Baba unamkumbuka yule?" inamweka mtu kwenye kiti cha mtuhumiwa. Sema tu, "Kipa huyu anaruka vizuri." Akisema wenye jezi nyekundu ni Simba, waache wawe Simba. Akiuliza mara kumi ni ngapi ngapi, mjibu mara kumi kama ndiyo kwanza ameuliza, kwa sababu kwake ndiyo kwanza ameuliza. Kinachowasaidia wengi ni kadi ndogo ya mfuko wa shati, herufi kubwa: "Leo ni Jumamosi. Niko kwenye mpira na binti yangu. Tukimaliza tunarudi Mbuya." Akianza kuhangaika mpe kadi aisome mwenyewe. Na akisema "tutoke", mtoke. Msibishane naye, msimwombe dakika tano zaidi. Akijua kwamba neno lake linasikilizwa, safari ijayo hatakataa kuja.

Jumamosi zisizo na mechi, lile koti na swali lile vina jibu pia. Usimwambie "hakuna mpira", maana utamvunja moyo upya kila anapouliza. Mwambie, "Leo tunausikiliza kwenye redio," mketi naye pale pale mlangoni.

Kaka yako naye tuna maneno naye, na tunafurahi ameuliza. Ukarabati wa vyumba vya wageni maalum ungoje. Anunue lita 2 za rangi ya njano. Zege lisilopakwa ngazi zake huonekana kama mteremko mmoja, na mzee hajui mguu ushuke wapi. Apake mstari wa sentimita 5 kwenye ukingo wa kila ngazi, mara mbili. Lita 2 zitamfikisha kama mita 100 kwenye zege lenye kukwaruza. Zege lifagiwe na kukauka kabisa kwanza, la sivyo rangi itabanduka mvua ya kwanza.

Baada ya ngazi, vibao. Kibao cha choo kiwe kwenye mlango wenyewe, si kwenye ukuta wa pembeni, kwa kimo cha macho, chenye picha na herufi za sentimita 10, nyeusi juu ya njano. Na kwa ndani pawe na kibao cha KUTOKA. Hiki husahaulika karibu kila mahali, na ndicho kinachompoteza mtu aliyesahau ameingilia wapi. Mlango wa pili wa choo ufungwe siku za mechi, au asimame mtu.

Kisha watenge viti 10 mwisho wa jukwaa karibu na lango la pembeni, na hilo lango liwe la wazee na watu wenye ulemavu. Spika zigeuzwe upande mwingine. Nyuma ya jukwaa, mbali na spika, wafunge turubai, viti vinne vya plastiki na jagi la maji, pawe mahali pa kupumzika kelele zikizidi. Msindikizaji aingie bure. Hapo ndipo familia nyingi hukwama, maana mzee hawezi kuja peke yake na tiketi mbili ni pesa.

Lakini haya yote hayafanyi kazi kama walinzi hawajafundishwa. Uingereza kuna utepe wenye maua ya alizeti ambao mtu huvaa shingoni kuonyesha ana ulemavu usioonekana. Ulianzia uwanja wa ndege wa Gatwick mwaka 2016. Klabu yenu inaweza kutumia hata kitambaa cha kijani mkononi. Ila alama ambayo mlinzi haijui ni kitambaa tu. Kabla milango haijafunguliwa, walinzi wakae dakika 20, mmoja ajifanye mzee asiyeelewa anachoambiwa, mwingine amkague hadi amalize bila kumgusa ghafla, kisha wabadilishane. Wafanye hivyo kila mechi, kwa sababu walinzi hubadilika kila wiki. Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027 limepangwa kuchezwa kwetu Uganda, Kenya na Tanzania. Klabu itakayokuwa na vijana waliozoea kazi hii itakuwa na watu wa kujitolea walioiva.

Na wakitaka kitu cha mapumziko, wakusanye picha na jezi za zamani, waweke meza moja chini ya turubai lile. Huko Scotland kuna vikundi ambako wazee wenye dimenshia hukutana kwa ajili ya picha za mechi za zamani tu, na mtu aliyenyamaza wiki nzima huanza kuongea. Baba yenu apewe kiti kwenye meza hiyo. Ana mengi ya kuwaambia kuhusu 1972.

Jambo moja la haraka. Akichanganyikiwa ghafla kuliko kawaida, ndani ya saa au siku chache, iwe ana homa au hana, mpelekeni hospitali, si uwanjani. Malaria, maambukizi ya njia ya mkojo, kukaukiwa maji au dawa mpya huweza kufanya hivyo, na hutibika. Macho na masikio yake pia yapimwe kama bado. Mtoto wa jicho humfanya mzee aonekane ameharibikiwa kichwa kumbe haoni tu.

Na kama Jumamosi ya mechi ameamka hataki, amekaa kitandani na koti halijaguswa, msimshawishi. Tiketi mpeni mtoto wa jirani, mchemshieni mzee chai, mfungulieni redio.